Kuanza kazi ya usimamizi wa majengo Mombasa: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mwezi. Nisomee nini ndiyo niajiriwe? Keteka, yaani mtunza nyumba, anaweza kupanda akawa meneja? Mbona kila tangazo lataka uzoefu, na huo uzoefu nitautoa wapi kama hakuna anayenichukua? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa simu, kwa hivyo nayaandika hapa yote kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanzia chini: umemaliza shule ya ufundi, au ni fundi wa stima uliyechoka na vibarua, au ni keteka wa ploti huko Kisauni unayejua kazi lakini huna cheo. Kama una digrii na mjomba mwenye hoteli, hatua tatu za mwanzo ziruke.

Kazi yenyewe, wenyewe huiita fasiliti, ni kuhakikisha jengo linafanya kazi na watu waliomo hawapati sababu ya kukupigia simu. Maji, stima, lifti, viyoyozi, usafi, taka, ulinzi, moto, pamoja na pesa za hivyo vyote. Si lazima uwe bingwa wa kila kimoja. Lazima ujue kimoja vizuri, na vilivyobaki ujue vikiharibika vinaonekana vipi, vinalia vipi na vinanuka vipi.

Kabla hujaanza

Kusanya hivi kwanza. Kazi nyingi huku hutokea ghafla, mtu akikuita Alhamisi anataka uanze Ijumaa.

- Kitambulisho, PIN ya KRA (kodi), namba za NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya).
- Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kupitia eCitizen, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Usingoje uitwe kazini ndiyo uanze kukitafuta. Utakuwa na funguo za nyumba za watu, na hakuna atakayekupa bila hicho cheti.
- Viatu vya usalama, tochi nzuri, testa, mita ya kupimia stima, futi kamba.
- Simu yenye kamera inayoona vizuri gizani. Chumba cha pampu hakina mwanga.
- Daftari la jalada gumu. Excel itakuja baadaye.
- Kiingereza cha kuandika ripoti ya ukurasa mmoja. Maongezi ya kazi Mombasa ni Kiswahili, lakini ripoti inayopanda kwa mwenye jengo huwa ya Kiingereza. Wengi wameachwa nyuma hapo, si kwenye ufundi.

Hatua

1. Chagua aina ya jengo, usiseme "popote"

Mombasa ina soko zaidi ya moja. Fleti za Nyali, Kizingo na Tudor zinataka mtu wa maji, lifti na wapangaji. Hoteli za kuanzia Nyali hadi Shanzu zinataka mtu wa viyoyozi, majiko, bwawa na jenereta, tena anayeweza kufanya kazi mgeni asimwone. Maghala ya Shimanzi, Changamwe na Miritini yanataka mtu wa mageti, taa, paa na usalama wa moto. Hospitali na benki ni ngumu zaidi, kwa sababu huko stima ikikatika hata kwa dakika chache ni kesi.

Mji wa Kale ni dunia nyingine. Nyumba za kule zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukiziba ukuta wa aina hiyo kwa saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea na plasta hubanduka vipande vipande. Na kabla ya kugusa mlango au baraza, kuna ofisi ya hifadhi ya mji wa kale ya kuombwa ruhusa. Mafundi wanaoelewa chokaa ni wachache, kwa hivyo kama una subira hapo pana riziki.

Ushauri wangu kwa anayeanza: fleti au hoteli. Fleti zitakufundisha watu, hoteli itakufundisha nidhamu.

2. Shika ufundi mmoja, upate na cheti chake

Stima, mabomba au viyoyozi. Kwa Pwani, viyoyozi ndivyo vinavyolipa haraka, sababu joto halina likizo. Kama unajua kazi lakini huna karatasi, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Unaanza daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Ukitaka masomo ya darasani, kuna Technical University of Mombasa pale Tudor na Kenya Coast National Polytechnic.

Tahadhari: cheti cha stima peke yake hakikupi ruhusa ya kufanya wayaringi ya jengo. Leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na ina madaraja, C2 likiwa chini na A1 juu. Ukikubali kuunga laini bila leseni kisha moto ukatokea, jina litakaloandikwa ni lako.

3. Ingia kwa mlango wowote, lakini ingia kwa wakati

Hoteli za Pwani hujaa Desemba na Agosti. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hupungua na mvua ya masika inanyesha. Ndipo hoteli nyingi hufanya ukarabati, na ndipo huita vibarua. Peleka karatasi zako Machi. Anayepeleka Desemba hukuta meneja ana wageni mia tatu na hana macho ya kusoma barua.

Kwa fleti, njia ni kampuni zinazosimamia majumba, au mwenye nyumba mwenyewe. Usidharau uketeka. Keteka anayeandika yuko karibu na umeneja kuliko mwenye diploma anayengoja Nairobi imwite.

4. Tengeneza rejista ya jengo

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaingia kazini na kuanza kutengeneza vilivyoharibika, na miezi sita baadaye bado wanakimbizana na vilivyoharibika. Wiki ya kwanza yote, ukiwa bado unajibu simu za wapangaji, tenga saa moja kila siku uzunguke na daftari.

Kila mashine iandikie: ni nini, iko wapi, imetengenezwa na nani, namba yake, ilinunuliwa lini, mara ya mwisho ilihudumiwa lini na nani, inazimwa wapi. Piga picha bati lenye maandishi. Hilo la "inazimwa wapi" ndilo muhimu kuliko yote. Jengo lina valvu kuu ya maji, swichi kuu ya stima na valvu ya gesi. Zitafute, valvu uzizungushe kidogo uone kama hazijashikana kwa kutu, kisha vyote uvibandike vibao. Katika majengo ya karibu na bahari utakuta valvu ambayo haijaguswa tangu ifungwe na haizunguki hata kwa spana. Bora ulijue leo mchana kuliko usiku bomba likipasuka ghorofa ya nne.

Usikopi rejista ya jengo jingine. Nimeona rejista ya jengo moja iliyoorodhesha jenereta mbili, na kwenye ua kulikuwa na moja na nafasi yenye mafuta yaliyokauka.

5. Fanya mzunguko wa asubuhi, na uandike namba

Anza saa kumi na mbili na nusu, kabla wapangaji hawajatoka. Namba ndizo zitakazokutetea, maneno hayatoshi.

Tangi: pima kimo cha maji, usiangalie tu. Mfano: jengo la nyumba 24, kila nyumba itumie lita 400 kwa siku, hiyo ni lita 9,600. Tangi la chini likiwa la lita 30,000, una akiba ya siku tatu na kidogo. Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, tena zamu huteleza. Kwa hivyo siku ya pili bila maji ndiyo siku ya kupigia simu lori la maji. Ukingoja ya tatu, utalipa bei ya mwenye shida, na wenye mikokoteni ya mitungi watakuwa wamepiga foleni getini kwako.

Mita ya maji: soma saa ile ile kila siku. Mara moja kwa mwezi isome usiku kabisa watu wakiwa wamelala, kisha alfajiri. Jengo lililolala halitumii maji mengi. Namba ikiwa imeruka, kuna bomba linavuja au vyoo vinapitisha. Choo kinachopitisha ukikamate hivi: tia rangi ya keki kwenye tangi lake, usivute maji, rudi baada ya robo saa. Rangi ikiwa imeshuka kwenye bakuli, mpira wa ndani umekwisha.

Jenereta: angalia dizeli, mafuta ya injini, maji ya rejeta na betri. Jenereta ikikataa kuwaka siku ya giza, mtuhumiwa wa kwanza ni betri. Iwashe mara moja kwa wiki, na uibebeshe mzigo. Kuiacha iungurume bure dakika tano ni kuichafua ndani, kwani dizeli haichomeki vizuri injini ikiwa haina kazi.

Chumba cha pampu: simama mlangoni kwanza, sikiliza. Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, tangi lake la presha limepoteza hewa. Pampu inayolia kwa ukali na maji hayaji, izime papo hapo, inajiunguza.

Mitungi ya kuzima moto: mshale wa geji uwe kwenye kijani. Ule wa CO2 hauna geji, hupimwa kwa mizani, kwa hivyo anayekwambia ameukagua kwa macho anakudanganya.

Mzunguko mzima kwa jengo la ghorofa sita hautakuchukua saa moja ukizoea. Baada ya miezi mitatu una kitu ambacho mwenye jengo hajawahi kukiona: historia ya nyumba yake kwa tarakimu. Hicho ndicho utakachobeba kwenye interviu inayofuata, baada ya kufuta majina na namba za wapangaji.

6. Panga matengenezo kwa misimu ya Pwani

Ratiba zinazotoka kwenye vitabu ziliandikwa kwa majengo yasiyopigwa na upepo wa bahari. Huku chumvi ndiyo bosi. Kiyoyozi kilichofungwa kikitazama bahari huliwa mapezi yake ya nje mapema sana kuliko kile kilicho nyuma ya jengo. Kioshe kwa maji baridi matamu, kwa presha ndogo, kila mwezi wakati wa kusi. Usitumie maji ya kisima cha chumvi. Utakuwa unakoga matope. Skrubu na boliti za nje zitake za chuma cha pua cha daraja la 316. Fundi akikwambia za kawaida ni sawa, muulize zile za mwaka jana ziko wapi.

Machi, kabla ya masika: safisha mifereji ya paa, kagua sakafu ya juu, fungua mashimo ya maji ya mvua uani. Rudia Septemba kabla ya vuli. Rangi ya nje ipakwe wakati wa kiangazi cha kaskazi, ukuta ukiwa mkavu. Na kama jengo liko katikati ya mji, kumbuka kwamba 2018 kaunti iliagiza majengo yapakwe nyeupe na buluu. Uliza kabla hujanunua madebe ya rangi nyingine.

7. Jua karatasi za sheria

Kwa ufupi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, pakaguliwe na mshauri wa usalama kila mwaka, na lifti ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi sita. Zoezi la moto ni angalau mara moja kwa mwaka. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ongeza cheti cha moto cha kaunti. Weka tarehe zote kwenye simu, na kengele ilie mwezi mmoja kabla.

Halafu kuna jambo moja ambalo sitaki ulisome haraka. Sehemu kubwa ya Mombasa haina laini ya maji taka, kwa hivyo jengo lako huenda lina tangi la maji taka chini. Mtu asishuke ndani yake. Si kuokota ndoo, si kufungua kizibo, wala kumtoa mwenzake aliyezimia. Hewa ya mle huua kwa pumzi chache, na mara nyingi huua wawili: aliyeshuka na aliyemfuata. Ita lori la kunyonya, na ikibidi mtu aingie, iwe ni kampuni yenye vifaa vya kupumulia.

8. Jifunze pesa na watu wa nje

Umeneja huanzia hapa. Kila kazi kubwa tafuta bei kwa watu watatu, lakini kwanza andika kazi yenyewe ni nini, ili wote watatu wajibu swali moja. La sivyo mmoja ataleta bei ya kupaka rangi mara moja, mwingine mara mbili, na wewe utamchagua wa bei ya chini ukidhani umeokoa.

Usilipe yote mbele. Usipokee "chai" ya fundi. Mji huu ni mdogo, na fundi uliyekula naye ndiye atakayekutangaza. Sehemu ya zamani iliyotolewa ibaki kwako mpaka malipo yaishe: kompresa iliyokufa, beringi, bodi ya saketi ya lifti. Ukiambiwa imeshatupwa, hapana malipo.

9. Ukishatulia, ongeza cheti cha fani yenyewe

Cheti cha FMP (Facility Management Professional) cha IFMA, chama cha kimataifa cha wasimamizi wa majengo, hakidai uzoefu kabla ya kuanza, na kina sehemu nne: uendeshaji na matengenezo, usimamizi wa miradi, fedha, na uongozi. CFM (Certified Facility Manager), cha chama hicho hicho, ni cha walioiva kazini. Ukisikia ISO 41001 kwenye interviu, ni kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa majengo kilichotoka 2018. Ila usianzie hapa. Vyeti hivi ni ghali, na bila jengo mkononi vitakuwa picha ya ukutani.

Mambo yakikwama

Kila mahali wanataka uzoefu. Tafuta jengo dogo, hata ploti ya nyumba nane au msikiti wa mtaani, uwafanyie rejista na ratiba kwa ada ndogo. Omba barua yenye sahihi na namba ya simu. Hiyo ni kazi halali, iandike kwenye CV.

Kiyoyozi kinadondosha maji ndani. Karibu kila mara ni bomba la kutolea maji limeziba kwa ute, au chujio limejaa vumbi mpaka barafu ikashika. Safisha vyote viwili kabla hujaita mtu. Fundi atakayeanza kwa kusema "gesi imeisha" muulize imetokea wapi kwanza, kwa sababu gesi haitumiki kama mafuta ya gari. Ikipungua kuna tundu.

Wapangaji wanapiga kelele kwenye grupu ya WhatsApp. Usibishane mle. Tuma ujumbe mmoja: shida ni nini, nani anaishughulikia, habari inayofuata itakuja saa ngapi. Kisha saa hiyo ikifika tuma, hata kama huna jipya. Na mama wa ghorofa ya tatu anayelalamika kila siku, mpandie mlangoni umsikilize. Mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia pampu ikibadilika sauti.

Mtu amekwama kwenye lifti. Zungumza naye kupitia mlango, mwambie fundi yuko njiani, kata simu nyingine zote. Usifungue milango kwa chuma na usimruhusu askari wa getini ajaribu. Lifti iliyosimama katikati ya ghorofa ina pengo chini yake. Namba ya kampuni ya lifti iwe imebandikwa chini na kwenye simu ya kila askari wa zamu.

Unapewa lawama za kitu ulichokwisha kukiripoti. Ripoti ya mdomo haikuwahi kuwepo. Tuma kwa barua pepe, na picha, na gharama ya kukitengeneza sasa, na gharama kikiachwa mpaka kife.

Mwenye jengo hataki kutoa pesa. Usimwambie "pampu imechoka". Mpelekee mistari mitatu: pampu hii imetengenezwa mara ngapi mwaka huu na kwa shilingi ngapi, mpya ni shilingi ngapi, na ikifa kabisa malori ya maji yatagharimu shilingi ngapi kwa wiki. Akikataa bado, mwombe ajibu kwa maandishi, uhifadhi, uendelee na kazi.